Fundi wa Nyasi Huajiriwa Septemba

Nimekulia Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ambayo uwanja wake ulifagiwa kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa mpaka ukabaki na mistari kama kichwa kilichosukwa. Jani lililothubutu kuchomoza karibu na msingi liling'olewa siku hiyohiyo, kwa kuwa nyasi karibu na nyumba zilikuwa na maana mbili tu: nyoka, au uvivu wa mwenye nyumba. Kazi ya fyekeo niliijua shuleni, na niliijua kama adhabu. Ndiyo maana mama yangu alipoambiwa kwa simu kwamba mwanawe analipa dola mia kadhaa kwa mwaka ili nyasi zistawi mbele ya mlango wake, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tumenunua ng'ombe.

Hatukununua ng'ombe. Tulinunua nyumba ndogo ya mbao mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, mwezi Oktoba 2022, na nyumba hiyo ilikuja na futi za mraba zipatazo 4,000 za nyasi, nusu mbele na nusu nyuma. Katika mji huu nyasi zikizidi urefu wa inchi 8 mwenye nyumba huandikiwa notisi, na akikaidi, manispaa hutuma watu wake wakate kisha humletea bili. Lakini kinachomsukuma mtu hasa si hiyo notisi, ni macho ya jirani. Uwanja mtupu ambao kwetu ungesifiwa kwa usafi, hapa husomwa kama dalili kwamba wenye nyumba wamefilisika au wameachana.

Majira yetu ya kwanza ya baridi katika nyumba hiyo hayakuwa ya kawaida. Kati ya mwaka 2022 na 2023 mji ulipata theluji ya inchi 90.3, yaani zaidi ya mita mbili na robo kwa jumla, na kuyafanya majira hayo kuwa ya tatu kwa wingi wa theluji tangu rekodi zianze kuwekwa. Kwa miezi mitano sikuuona uwanja wangu. Theluji ilipoyeyuka mwezi Aprili nilitoka nje na kikombe cha chai mkononi, nikasimama nikiangalia kitu kilichofanana na mnyama aliyenusurika kuungua. Palikuwa na miduara ya kijivu, mikubwa kama sinia la pilau, ambamo nyasi zilikuwa zimelala na kugandana kama nywele zilizolaliwa mbichi. Palikuwa na vijia vyembamba vilivyopindapinda kutoka kwenye ua hadi kwenye ngazi, kana kwamba mtu alikuwa amechora ramani ya mito. Na kando ya njia ya waendao kwa miguu palikuwa na ukanda wa rangi ya majani makavu ya ndizi, upana wa futi moja, uliokufa kabisa.

Siku hizi najua kila kimoja ni nini. Miduara ni kuvu ya theluji, ambayo humea chini ya theluji iliyokaa muda mrefu juu ya ardhi ambayo haijaganda sawasawa. Ukizichanua nyasi kwa reki nyepesi na upepo ukapita, sehemu kubwa hupona bila dawa yoyote. Vijia ni kazi ya panya wa shambani wenye mikia mifupi, ambao chini ya theluji hupata miezi mitano ya kula mashina ya nyasi bila kuonwa na bundi wala mbweha. Ukanda uliokufa ni wa chumvi inayomwagwa ili watu wasiteleze, na tiba yake ya kwanza ni maji mengi ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi mara tu ardhi inapoacha kuganda. Lakini Aprili ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba jirani wa kulia alikuwa ameanza kunipa pole.

Katika hali hiyo ndipo kijana wa kampuni fulani ya nyasi alipobisha hodi, akiwa na kishikwambi mkononi na tabasamu la kazini. Alikuwa tayari ameupima uwanja wangu kwa picha za setilaiti na bei ameshaipata. Mpango ulikuwa wa ziara tano, za kwanza zikianza wiki hiyohiyo. Nilimuuliza kuhusu vile vipara, akajibu kwamba nyasi zikipata nguvu vitajifunika. Nilisaini kwa kidole, mlangoni, bila kuvaa miwani.

Walikuja siku nne baadaye nilipokuwa kazini, wakaacha kibendera kidogo kando ya njia na karatasi mlangoni. Karatasi niliiweka juu ya friji. Mwezi Mei, kwa kuwa vipara vilikuwa bado vinanitazama, nilinunua mfuko wa mbegu, nikachokoa udongo kwa reki, nikamwaga, nikafunika kwa mboji, nikaanza kumwagilia asubuhi na jioni kama mtu aliyeweka nadhiri. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili nililaumu ndege. Wiki ya tatu nililaumu mbegu, nikanunua nyingine za bei zaidi. Kufikia katikati ya Juni nilikuwa nimelaumu kila kiumbe, na uwanja ulikuwa na vipara vilevile, safi, vimelowa, na bili ya maji ilikuwa imepanda. Kisha ukaja ukame wa kiangazi cha 2023, nyasi zilizobaki nazo zikageuka rangi ya mkeka, na kampuni ikaendelea kuja kwa tarehe zake kama kawaida.

Aliyenitoa gizani alikuwa mzee mmoja wa Kisii. Wakenya wengi wa huku, Wagusii hasa, wamekaa upande wa kaskazini mwa mji, Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, na huyu nilikutana naye msibani, mwezi Agosti, tukiwa tumekaa nje kwenye viti vya kukunja. Aliniambia kwamba ana lori, mashine tatu na vijana wawili, kwamba kiangazi hukata nyasi na majira ya baridi huzoa theluji, na kwamba amefanya hivyo kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kuhesabu. Nilipoanza kumsimulia habari za mbegu zangu alinikatiza na kusema atapita Jumamosi.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia aliposhuka kwenye lori.

"Marahaba, marahaba. Nyinyi watu wa Tanzania mtanizeesha."

Hakuuliza bei wala ukubwa wa uwanja. Alitoa bisibisi ndefu kwenye mfuko wa suruali, akanipa, akaniambia niisukume ardhini kwa mkono mmoja. Niliisukuma mpaka kiwiko kikatetemeka, ikaingia kiasi cha inchi moja ikakwama. Akaniongoza hadi chini ya mti wa mpaka, mahali ambapo watoto hawachezi, akaniambia nirudie; ikaingia mpaka kwenye mpini. Kisha akapiga goti, akachora mraba kwa kisu, akanyanyua kipande cha nyasi na udongo wake kama mtu anayekata keki, akakigeuza. Mizizi haikuwa mirefu kuliko kidole changu cha mwisho.

"Hii mizizi imekaa juu juu kama mtu anangojea matatu," alisema. "Sasa, kijana wangu, nani alikuambia upande Mei?"

Nilimletea ile karatasi ya juu ya friji. Aliisoma kwa makini, akaweka kidole kwenye neno moja, prodiamini, akanitazama kwa huruma. Ile ilikuwa dawa ya kuzuia uotaji. Kazi yake ni kukaa kwenye tabaka la juu la udongo kama pazia, na mbegu yoyote inayochipua na kugusa pazia hilo hufa kabla haijaona jua. Hunyunyizwa majira ya kuchipua, kabla joto la udongo halijapita kama nyuzi 13 za Selsiasi, ili kuzuia gugu la kiangazi liitwalo krabugrasi, ambalo ni la ukoo mmoja na sangari anayewatesa wakulima wetu, isipokuwa kwamba sangari huishi miaka kwa mizizi yake, ilhali hili hufa kila mwaka kwa baridi na kuanza upya kwa mbegu. Dawa haijui kutofautisha mbegu ya gugu na mbegu uliyoinunua dukani, na hukaa ardhini kwa miezi. Zipo chache zinazovumilia mbegu mpya za nyasi, kama vile siduroni na mesotrioni, lakini hizo sizo nilizowekewa. Nilikuwa nimemwagilia kaburi kwa wiki sita.

Kusema haki, lawama ilikuwa yetu sote. Karatasi ilionya, kwa herufi ndogo, kwamba mbegu zisipandwe kwa miezi kadhaa, nami sikuisoma. Lakini kijana yule alikuwa ameviona vipara, aliniahidi vitafunikwa, na hakuniuliza swali moja tu ambalo fundi yeyote angeuliza: je, unakusudia kupanda? Hakuuliza kwa sababu alikuwa anauza ratiba, na ratiba ilikuwa imeshachapwa kabla hajafika mtaani kwetu.

Somo alilonipa Mzee siku ile, huku tumeegemea lori, ndilo ambalo watu wengi waliohamia huku kutoka nchi za joto hulipata kwa hasara, na nalieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kiini cha mambo yote. Nyasi tulizozizoea sisi ni za jua. Ukoka wetu, na zile nyasi za Kikuyu ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo leo zimefunika viwanja hadi Australia, hukua kwa kasi joto linapopanda na hugeuka kahawia sakitu ya kwanza inapozigusa. Majira ya baridi ya Minnesota yangeziua. Nyasi za huku ni za namna nyingine kabisa. Maarufu zaidi ni Kentucky bluegrass, ambayo licha ya jina lake ililetwa na walowezi kutoka Ulaya, ikifuatiwa na nyasi za feski na za rai. Hizi hupenda ubaridi. Majani yake hukua vizuri kati ya nyuzi 15 na 24, na mizizi yake hupenda ubaridi zaidi, kati ya 10 na 18. Maana yake ni kwamba kiangazi, ambacho sisi tungekitazamia kuwa ndicho kipindi cha ustawi, kwao ni kipindi cha kujikunyata na kungoja. Zikikauka Julai hazijafa, zimelala, na mwenye busara huzipa nusu inchi ya maji kila baada ya wiki mbili au tatu ili mashina yabaki hai, kisha huziacha zilale.

Kwa hiyo mwaka wa nyasi za huku una vilele viwili, na vilele hivyo havilingani. Majira ya kuchipua huvutia macho, kwani baada ya miezi ya weupe kila mtu ana kiu ya kijani, na nyasi zenyewe huruka juu kwa akiba zilizoweka mwaka uliopita. Ukizimwagia mbolea nyingi wakati huo unazilazimisha zitoe majani kwa kukopa kwenye mizizi, deni ambalo hudaiwa Julai. Kilele cha pili, kuanzia katikati ya Agosti mpaka katikati ya Septemba, ndicho chenye faida: udongo bado una joto la kuotesha mbegu, hewa imepoa, magugu ya kiangazi yanakaribia kufa yenyewe, mvua zinarudi, na nyasi changa zina wiki kadhaa za kushusha mizizi kabla ardhi haijaganda. Hata dawa ya magugu ya kudumu, kama yale maua ya manjano ya dandelioni, hufanya kazi vyema zaidi wakati huo, kwa sababu mmea unashusha chakula chake mizizini kwa ajili ya baridi na hushusha sumu pamoja nacho. Tatizo ni kwamba Septemba hakuna anayebisha hodi. Watu wamerudi kazini, watoto shuleni, Jumatatu ya kwanza ya mwezi Wamarekani wameadhimisha Siku ya Wafanyakazi (ambayo wao hawaiweki Mei Mosi), na nyasi zimeshatoka akilini mwa kila mtu. Biashara ya nyasi huuzwa Aprili kwa sababu Aprili ndipo watu huwa na aibu, lakini kazi yenyewe ni ya Septemba.

Kabla ya kufanya chochote Mzee alinituma nipeleke udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyoko Saint Paul. Nilichota sehemu kadhaa za uwanja kwa kina cha inchi tatu, nikachanganya ndooni, nikatuma kiasi cha vikombe viwili. Majibu yalisema kwamba fosforasi ilikuwa tele, na hapo nikaelewa jambo jingine nililokuwa nikiliona dukani bila kulitafakari, yaani kwamba mifuko ya mbolea ya nyasi huku ina namba tatu, ya katikati ikiwa ndiyo ya fosforasi, na hiyo karibu kila mara ni sifuri. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na fosforasi inayooshwa na mvua kutoka viwanjani huyalisha mwani mpaka maji yakageuka supu ya kijani. Jimbo likapitisha sheria mwaka 2002, na kuanzia mwaka 2005 fosforasi ikazuiwa katika mbolea za nyasi jimbo zima, isipokuwa kwa nyasi mpya katika msimu wake wa kwanza au pale kipimo cha udongo kinapoonyesha upungufu. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu azoe mbolea iliyoangukia kwenye saruji. Tangu hapo nimekuwa na kipimo changu cha haraka cha kumjua mtu wa nyasi: anapomaliza kumwaga mbolea, je, anachukua kipulizi au ufagio kurudisha chembe zilizoanguka njiani? Watu wa kampuni yangu ya kwanza waliziacha zikatiririkia mferejini.

Jumamosi ya pili ya Septemba Mzee alikuja na mashine ya kutoboa. Ni kitu kizito chenye mirija mitupu ya chuma, ambayo hushuka na kung'oa vijiti vya udongo vyenye urefu wa inchi mbili au tatu na unene wa kidole, kisha kuviacha juu. Uwanja ulionekana kana kwamba mbuzi mia wamelala hapo. Mke wangu alitoka akauliza kama tutavizoa. Havizolewi, mvua na mashine ya kukatia nyasi huvivunja, na matundu yaliyobaki huingiza hewa, maji na mbegu. Mashine ya misumari isiyo na uwazi ndani, inayochoma tu bila kutoa udongo, haisaidii kitu, alinieleza, kwa sababu huushindilia udongo pembeni mwa tundu; ukiona kampuni inatangaza kutoboa, uliza kama udongo hutoka.

Kisha tukapanda. Mchanganyiko aliouchagua ulikuwa na Kentucky bluegrass kwa ajili ya kutambaa na kuziba, rai kwa ajili ya haraka, na feski kwa ajili ya kivuli cha upande wa kaskazini wa nyumba. Alinionya nisikate tamaa wala nisifurahi mapema: rai huchomoza ndani ya wiki moja na kumfanya mtu adhani kazi imekwisha, ilhali bluegrass huweza kukaa wiki tatu au nne bila kuonekana, na anayeacha kumwagilia siku ya kumi huwa amezika nusu ya fedha zake. Siku ya saba nilipiga magoti kwenye kile kipara kikubwa cha karibu na ngazi na kuona nyuzi za kijani nyembamba kuliko uzi wa cherehani, kila moja imebeba tone la umande kwenye ncha. Nilimwita mwanangu aje aone. Alikuja, akaona, akarudi ndani. Mimi nilibaki pale.

Kuhusu kuajiri, basi, niseme ninayoyajua. Anayekata nyasi tu si lazima awe na leseni, lakini anayelipwa kunyunyiza dawa ya magugu au ya wadudu katika uwanja wa mtu lazima awe na leseni ya Idara ya Kilimo ya Minnesota, na hiyo inahusu hata mbolea iliyochanganywa na dawa ya magugu katika mfuko mmoja. Kadi hiyo iombwe. Mtu halali huitoa bila kununa. Muulize anaweka nini na kwa kiasi gani, kwani kipimo cha kawaida cha naitrojeni kwa mara moja hakipaswi kuzidi pauni moja kwa kila futi za mraba 1,000. Kwa uwanja kama wangu, na mfuko wenye naitrojeni ya asilimia 20, hiyo ni pauni 20 za mbolea, na ukiona mifuko miwili mikubwa imemwagwa ujue unalipia kijani cha wiki mbili na mwani wa ziwa. Muulize atakata kwa urefu gani. Akisema chini ya inchi tatu katikati ya kiangazi, mshukuru na kumfungulia geti, kwa sababu nyasi ndefu hutia kivuli udongo wake zenyewe na hushusha mizizi zaidi, na hakuna sababu ya kuondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo mmoja isipokuwa uvivu wa kurudi wiki ijayo.

Na mkataba usomwe umevaa miwani. Wa kwangu ulikuwa na kifungu cha kujihuisha: Februari iliyofuata nilipokea barua ya kunishukuru kwa kuendelea nao mwaka wa pili, pamoja na punguzo endapo nitalipa mapema. Ilinichukua simu tatu na barua pepe mbili kujitoa. Mzee hana mkataba wa nyasi. Ana daftari, na mara mbili ameniambia kwamba kazi niliyoiomba haihitajiki. Mara moja nilipotaka dawa ya kuvu, na mara nyingine nilipotaka mbolea ya Aprili. Sijawahi kukutana na kampuni yenye setilaiti inayokataa pesa.

Mkataba tuliouandika ulikuwa wa theluji. Aliniuliza kama nataka kulipa kwa kila ujio au kwa msimu mzima, nami, nikiwa bado naiota ile theluji ya inchi 90, nilichagua msimu mzima na kulipa Oktoba. Yakaja majira ya baridi ya 2023 hadi 2024, yenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika jimbo hili. Mpaka Krismasi watu walitembea na masweta. Nilimpigia kumtania kwamba anakula pesa zangu amelala, akanijibu kwa utulivu: "Mwaka jana wateja wa msimu ndio walilala, mimi ndio nililia." Sikuweza kubishana.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi fundi huyo mmoja kushika kazi zote mbili kunavyozisaidia nyasi. Kabla ardhi haijaganda huja kuchomeka vijiti vya rangi kando ya njia ya gari, ili koleo la lori lisije likachuna nyasi gizani chini ya theluji, na huniuliza theluji irundikwe wapi. Mahali pa rundo hubadilishwa, kwa sababu rundo lililochanganyika na chumvi likikaa sehemu ileile kila mwaka huacha kipara na kuvu. Yule wa kwanza niliyemlipa kuzoa theluji, mwaka ule wa theluji nyingi, aliirundika yote juu ya kona nzuri kuliko zote, na hakuwa na haja ya kujali kwa kuwa Aprili asingekuwepo kuiona.

Nyuma ya nyumba tumeacha ukamilifu. Mke wangu alisoma kuhusu mpango wa jimbo unaowasaidia wenye nyumba kugeuza sehemu za viwanja kuwa malisho ya nyuki, na tukachanganya feski na klova nyeupe, mmea mfupi wenye maua yanayopendwa na nyuki, katika robo ya uwanja wa nyuma. Minnesota ina nyuki wake rasmi tangu mwaka 2019, nyuki mnene mwenye kiraka cha rangi ya kutu mgongoni, ambaye serikali ya Marekani ilikuwa imemwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2017. Sijamwona bado katika klova yetu, ingawa nimewafukuzia wengine wengi na simu mkononi. Jirani wa kulia haizungumzii sehemu hiyo.

Mwaka jana, katikati ya Novemba, Mzee alinionyesha jambo la mwisho, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Palikuwa na kipande karibu na banda ambacho tulichelewa kukipanda Septemba. Nilidhani tutangoja mwaka mzima. Badala yake alisubiri mpaka udongo ukashuka chini ya nyuzi 4, baridi kiasi kwamba mbegu haiwezi kuchipua hata ikitaka, kisha tukazimwaga juu ya ardhi iliyochokolewa na kuzikanyaga kwa viatu. Mbegu hulala hapo chini ya theluji. Ardhi inapoganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, hupasuka nyufa ndogondogo na kuzimeza yenyewe, na Aprili huchipua mapema kuliko mtu angeweza kuingia uwanjani na reki. Aliponieleza nilicheka, kwa sababu babu yangu kule Handeni alipanda mahindi hivyohivyo, kwenye vumbi, kabla ya masika, akiiachia mvua imalizie kazi.

Mzee alijifuta mikono akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka na kuwa na rangi ya bati. Akaniambia nitoe mpira wa maji bombani kabla ya usiku, akapanda lori lake ambalo tayari lilikuwa limefungwa koleo la theluji mbele, akaenda. Nilikuwa bado nauviringisha mpira ule wakati chembe za kwanza zilipoanza kuangukia kwenye mbegu.